Paka Kwenye Gunia la Sukuma

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele yakining'oka moja baada ya jingine, nilipojua kwamba iko harufu ambayo sabuni haiiwezi. Tulikaa Laini Saba, Kibera, nyuma ya vibanda vinavyotazama reli, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyopangwa kuufuata mtaro. Mtaro ule ulibeba kila kitu ambacho watu hawakutaka kukiona tena: maji ya kuoshea samaki, maganda, nepi, na mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo, ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ndani kuna nini. Watu huniuliza kama tulizoea. Hatukuzoea. Mtu hazoei uvundo. Hujifunza tu kupumua kwa mdomo.

Baba alikuwa fundi wa masanduku ya mabati, yale wanayobeba watoto wa bweni, na kelele za nyundo yake tulizisikia kutoka nyumbani. Mama alifua nguo za watu kwenye maestate, nyumba za wenye mishahara. Watoto tulikuwa watatu, na kwa kawaida ya Wabukusu majina yetu yalikuwa ya misimu. Mimi Nafula, niliyezaliwa wakati wa mvua. Mdogo wangu Simiyu, wa kiangazi, alikuwa hajaanza shule. Na kitinda mimba Nekesa, wa mavuno, alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Mlango uliofuata wetu alikaa Dani. Hilo si jina lake. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, lakini ploti nzima ilimwita hivyo, Waluhya, Wakamba na wote. Dani alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na mwiko wa kila kitu. Usifagie jioni. Usinyooshee kaburi kidole. Na mwiko aliourudia kuliko yote, hasa alipotuona tukichokoachokoa taka kwa vijiti, ulikuwa huu: kilichozikwa hakifukuliwi.

"Ukikifukua," alisema, "harufu yake inaingia kwa mkono. Na haitoki. Osha na Omo, osha na nini, haitoki, mpaka kile kitu chenyewe kimalize kuoza huko chini."

Alituhadithia habari ya mtu wa kwao, ziwani, aliyefukua jibwa lake ili amvue mnyororo wa shingoni, akaishia kula kwa mkono wa kushoto miezi mingi, tena peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye kwenye sahani moja. Sisi tulicheka. Tulimwigiza yule mtu, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine ukichota ugali wa hewa.

Mvua za masika zilipoanza, mtaro ukafurika na Nekesa akaanza kuharisha. Nakumbuka zaidi harufu kuliko kilio chake. Ilikuwa harufu chachu, ya maziwa yaliyoharibika, na ilijaa chumba kizima hata Mama akawa anakunja pua yake mwenyewe huku akimbembeleza. Asubuhi moja alimfunga mgongoni akampeleka kliniki. Alirudi adhuhuri akiwa bado amembeba, leso imevutwa mpaka juu ya kichwa cha mtoto.

"Ni aje Nekesa?" nikamuuliza.

"Amelala," Mama akasema. Akapita, akaketi kitandani bila kumfungua.

Jioni alikuja Senge. Kwetu senge ni shangazi, dada yake baba, na huyu wetu aliishi Kawangware, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu kwa kazi ya maji. Yeye ndiye aliyemshusha Nekesa kutoka mgongoni mwa Mama. Sisi tulipelekwa kwa Dani, tukapewa chai ya rangi, tukaambiwa tusitoke. Kupitia mabatini tulisikia maji yakimwagwa kwenye karai, taratibu, na Senge akiimba kitu kwa Kibukusu chini ya pumzi.

Hatukupelekwa Lang'ata kwenye mazishi. Watoto hawapelekwi, walisema. Walipoondoka, Simiyu alisimama mlangoni akiangalia, akaniuliza kwa nini wanambeba Nekesa kwenye sanduku na Baba hajatengeneza la mabati. Mimi mwenyewe nilijua na sikujua. Nilikuwa nimeliona neno la kifo kwenye macho ya watu wazima, lakini hakuna aliyelitoa mdomoni.

Baadaye wiki ile mzee mmoja wa kanisa letu alikuja kutufariji. Alikuwa mtu mpole, koti limemzidi mabega. Alisoma, akaomba, kisha akasema, "Nekesa hajapotea. Mungu amempanda, kama mbegu. Mbegu lazima iingie ardhini ndipo iote." Watu wazima wakaitikia Amina. Sina neno baya na yule mzee. Maneno yake ni ya kanisani, na kila mkubwa pale ndani aliyaelewa kwa namna yake. Simiyu naye aliyaelewa kwa namna yake.

"Mama," akauliza baada ya wageni kwenda, "ataota lini?"

Mama alikuwa anakunja nguo ndogo za Nekesa. Akasema, "Mungu ndiye anajua."

"Lakini ataota?"

"Ndiyo, baba. Nenda ukalale."

Laiti angejua neno lile lilivyoingia. Tangu siku hiyo Simiyu alianza kubakisha uji kwenye kikombe chake. Akiulizwa, anasema ni wa Nekesa, akitoka atakuwa na njaa. Mama alikuwa anageuka kando. Baba alikuwa anatoka nje kuvuta sigara, yeye ambaye alikuwa ameacha kuvuta.

Nje ya mlango wetu kulikuwa na gunia la sukuma wiki. Wanawake wa ploti walikuwa wameiga hiyo kazi mmoja kwa mwingine: unajaza gunia udongo, katikati unapanga mawe maji yapate njia, ubavuni unatoboa matundu na kuchomeka miche. Gunia la Mama lilikuwa dhaifu kuliko yote. Sukuma yake ilikuwa ya manjano, majani membamba kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Tangu Nekesa aende hakuwa amelitia hata tone la maji.

Siku moja tulikuta paka mdogo amekufa kando ya mtaro. Alikuwa wa kijivu, mtoto wa paka wa mwenye duka, na kuna aliyetega sumu ya panya. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo na povu limekauka. Nzi walikuwa wamefika kabla yetu. Nilitema mate, nikarudi nyuma. Simiyu akachuchumaa.

"Nafu," akasema, "si tumpande?"

Nikamwambia paka haoti. Akaniuliza kwa nini Nekesa aote na paka asiote. Ningeweza kusema Nekesa haoti pia, lakini Mama alikuwa amesema anaota, na Mama hakuwa mtu wa kusema uongo.

Kwa hiyo tulimpanda. Pale kwetu hapakuwa na ardhi laini, kila mahali ni matope ya taka yaliyoshindiliwa na miguu, isipokuwa ndani ya gunia la Mama. Tulichimba juu, kando ya mawe, tukamsukuma paka chini mkia ukiwa wa mwisho, tukafukia. Simiyu alimwagilia kwa maji ya vyombo, yale yenye mafuta na punje za ugali zinazoelea. Alimwagilia kila siku. Mvua nayo haikuacha kunyesha.

Na sukuma ikastawi. Majani yalipanuka yakawa kijani kizito, kinene, chenye kung'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Majirani walisimama kuyaangalia. Mama, ambaye kwa siku nyingi alikuwa anatembea kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali, alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ona," akamwambia Baba, "hata sisi Mungu ametukumbuka." Alikata, akakaanga na kitunguu na nyanya, tukala. Tulikula jioni nyingi. Ilikuwa tamu. Sitaki kudanganya, ilikuwa tamu sana, na niliomba kuongezwa.

Kisha harufu ikaanza. Mwanzoni ilikuwa nyembamba, ya utamuutamu, kama ndizi iliyosahauliwa chini ya kitanda. Halafu ikanenepa. Ilikuwa inakupokea mlangoni. Mama alidhani ni panya amefia chini ya kitanda, akahamisha kila kitu, akamwaga dawa, akasugua sakafu. Dani alipita akasimama mbele ya nyumba yetu, pua juu, akasema, "Kuna kitu hapa." Mama akamjibu kwa hasira kwamba Kibera nzima kuna kitu hapa.

Simiyu hakusikia uvundo hata kidogo. Yeye alisikia habari njema. "Anakaribia kutoka," aliniambia kwa kunong'ona. "Tuangalie kidogo tu."

Mama alikuwa kazini. Nilichukua kifuniko cha sufuria kuukuu nikaanza kuondoa udongo, na Simiyu akiwa ameinama mpaka kichwa chake kinagusa changu. Udongo wa juu ulikuwa mweusi na mwepesi. Kisha ukawa unateleza. Kifuniko kikakwama, nikatia mkono. Vidole vyangu viliingia kwenye kitu laini, chenye joto. Joto lile ndilo lililonitisha kwanza, nilitarajia baridi. Nikavuta, na ngozi ikatoka na manyoya yake ikabaki kiganjani mwangu kama soksi iliyolowa. Chini yake kulikuwa kweupe, na kule kweupe kulikuwa kunatembea.

"Imeota!" Simiyu akapiga kelele. "Nafu, ona, inatingishika! Imeota!"

Yalikuwa mabuu. Manene, mengi, yakipandana, yakiingia pale macho yalipokuwa na kutokea mdomoni, na yalikuwa yanatoa sauti. Hilo watu hawalijui. Yakiwa mengi hivyo yanatoa sauti ndogo, kama uji unaochemka polepole. Simiyu alinyoosha mkono kuyagusa, uso umemjaa furaha, na mimi nikampiga kofi, nikamtapikia miguuni.

Akaniangalia. Akayaangalia yale mabuu tena, kwa makini zaidi. Nikaona furaha inamtoka usoni, taratibu. "Wanamkula," akasema.

Tulifukia haraka. Niliosha mkono kwa sabuni ya kufulia, kwa Omo, kwa mchanga, kwa ndimu nusu niliyoipata kwa Dani. Kila nikiuleta puani, paka yuko pale pale, chini ya kucha, kwenye mistari ya kiganja. Jioni Mama akaweka sahani mbele yetu: ugali na sukuma. Yale majani yaling'aa. Nilikimbilia nje.

Sikula siku hiyo wala iliyofuata. Chochote nilichokishika kwa mkono wa kulia kilinuka, na chochote cha kijani kilikuwa kinatembea. Nikaanza kula kwa mkono wa kushoto, mkate mkavu tu, mgongo nimewageuzia wengine. Dani aliniona. Hakucheka, wala hakusema nilikuambia. Alinijia na kiganja cha majivu ya makaa, akaushika mkono wangu akausugua mpaka ukauma.

"Umefukua nini, mtoto?"

Nikaitazama miguu yake.

"Haya. Ngoja tu. Kitaisha kikiisha."

Mama hakujua lolote. Yeye aliona mtoto mwingine tena amekonda na anatapika, na hofu iliyomwingia sasa ndiyo naielewa. Alinishika paji la uso usiku na mchana. Kliniki walisema sina homa. Basi Senge akaja akasema, "Nipe huyu niende naye, abadilishe hewa."

Hewa yenyewe ilikuwa ya Kawangware 56. Senge alikuwa na meza karibu na steji ya matatu, akiuza vichwa, miguu na matumbo ya kuku kwa watu ambao kuku mzima kwao ni habari ya Krismasi. Karai moja la matumbo yaliyosafishwa, jingine la yasiyosafishwa. Alikuwa anayapasua kwa wembe, anayageuza ndani nje, na uchafu wa kijani unaanguka kwenye ndoo. Nilikaa kwenye kreti nyuma yake, leso puani. Nyuma ya vibanda kulikuwa na mtaro kama wetu, na mabata ya jirani yalikuwa yanatembea humo, midomo ndani ya tope mpaka machoni.

"Yanakula nini?" nikauliza.

"Mabuu," Senge akasema bila kugeuka. "Mimi namwaga uchafu, nzi wanakuja, mabuu yanakuja, bata wanakula. Ndiyo maana wamenona."

"Na bata wanaliwa na nani?"

"Si wenyewe. Mama Njeri anawachinja Desemba."

"Na Mama Njeri analiwa na nani?"

Wembe ukasimama. Senge akageuka akaniangalia, na nadhani ndipo alipoona kwamba nimeuficha mkono wa kulia chini ya sweta. "Nafula," akasema, "wewe una nini?"

Nikamwambia yote. Paka, gunia, mabuu, sukuma tuliyokula. Nilimtolea mkono aunuse. Senge, mwanamke aliyeshinda kutwa kwenye matumbo ya kuku, aliunusa mkono wangu, uso ukamkunjamana, akatema mate pembeni. "Ptu! Mungu wangu," akasema. "Na mmekula hiyo mboga?" Aliponiona naanza kulia akajifuta mikono kwenye aproni, akavuta kreti jingine akaketi mbele yangu, goti kwa goti.

"Sikiliza. Mama Njeri analiwa na udongo. Mimi pia. Kila mtu."

"Na Nekesa?"

Mteja mmoja alikuwa amefika mezani anauliza vichwa. Senge akamwambia ngoja.

"Nilimwosha mimi," akasema. "Alikuwa amekufa. Alikuwa baridi na shingo haishiki. Hakuwa amelala, usimsikilize mtu. Na huko chini, ndiyo, anaoza. Kama yule paka."

Nilijaribu kulivumilia hilo neno juu ya Nekesa. Nilikumbuka mikunjo ya mapaja yake, ambayo Mama alikuwa anaipaka vaselini. Kisha nikageuka nikatapika kwenye ndoo ya uchafu, na Senge akanishika mabega mpaka nikamaliza.

"Inachukiza," akasema. "Hata mimi inanichukiza, na sijui kwa nini Mungu aliifanya hivyo. Lakini haimuumi. Hilo nakuambia kweli. Haimuumi hata kidogo."

Sijui kwa nini hilo lilinitosha. Alimpimia mteja vichwa vyake, kisha akaninunulia mandazi, na mimi nikala, kwa mkono wa kushoto bado, katikati ya ile harufu yote.

Jumamosi alinirudisha. Tulikuta ploti imesimama. Simiyu alikuwa amepotea tangu asubuhi. Baba na vijana wa karakana yake walikuwa wametawanyika kwenye reli, Mama yuko mlangoni bila viatu, na Dani anamshikilia mkono asikimbie ovyo. Senge hakuuliza mengi. Tulishuka wote kuelekea upande wa bwawa, tukiita. Kila mtaro tulioupita nilitazama ndani, kisha nikajilazimisha kutazama tena.

Alipatikana Soweto East, bado ndani ya Kibera. Mama mmoja muuza makaa alikuwa amemsimamisha kwa sababu aliona kitoto kidogo hivyo, matope mpaka kiunoni, kikikokota jerikeni ya maji. Alimkalisha kwenye gunia lake la makaa akawa anamuuliza anakotoka, naye hasemi. Alipomwona Mama ndipo akaanza kulia, lakini hakuiachia jerikeni.

"Ulikuwa unaenda wapi?" Mama akampigia kelele, akimtikisa. "Wapi, Simiyu? Wapi?"

"Lang'ata," akasema. "Kwa Nekesa."

"Kufanya nini?"

"Kumwagilia." Alikuwa na kwikwi. "Paka ameoza, Mama. Tulimpanda, akaoza, kwa sababu mimi nilimwekea maji ya vyombo. Maji machafu. Nekesa hakuna mtu anamwekea. Nimebeba masafi. Nimebeba masafi kabla yeye pia aoze."

Mama alimwachilia. Muuza makaa akatazama kando. Senge akavuta pumzi kutaka kusema, na Mama akainua mkono.

"Nyamaza, wifi. Nitasema mwenyewe."

Akachuchumaa pale kwenye vumbi jeusi la makaa. Nilidhani atasema tena Mungu ndiye anajua. Badala yake akasema, "Simiyu, Nekesa alikufa."

"Alilala."

"Nilisema amelala. Alikuwa amekufa mgongoni mwangu, na mimi nilikuwa bado naimba. Nilishindwa kukuambia. Nekesa alikufa, na mtu akifa haoti. Si kosa la maji. Hata ungemletea maji ya wapi, hataota."

Simiyu akaitazama jerikeni. "Kwa hivyo wanamkula?"

Nilimwona Mama anakunja uso. Uso ule wa kinyaa, mdomo umevutwa upande mmoja, ndio uleule aliokuwa nao akimbembeleza Nekesa anayeharisha. "Ndiyo," akasema. Na baada ya kusema hivyo alilia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumsikia, hata siku ya mazishi, na Simiyu akaiweka jerikeni chini ili amshike.

Nyumbani ilibidi paka atolewe. Senge alijifunga leso puani, akalipasua lile gunia kwa wembe wake. Udongo ulimwagika mweusi, na ndani yake mizizi ya sukuma ilikuwa imeingia kwenye mbavu za paka, myeupe, imezizunguka kama uzi. Mama aliona, akatambua amekuwa akitulisha nini, akaenda nyuma ya choo na tulimsikia. Dani alikataa kukaribia. Baba peke yake alitazama akasema, "Kwani kule nyumbani mahindi tunayawekea nini? Mavi ya ng'ombe." Mama akamjibu kutoka nyuma ya choo kwamba akitaka mboga ile aile yeye. Baba akafikiri kidogo, akasema hapana. Hicho ndicho kicheko cha kwanza kwenye nyumba yetu baada ya msiba, na tulicheka tukiwa tumeziba pua.

Tulimzika paka ng'ambo ya reli, chini kabisa. Mkono wangu uliendelea kunuka baada ya hapo, mpaka asubuhi moja nilijikuta nimeshika chai kwa mkono wa kulia na sijui tangu lini. Nilimwambia Dani. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari anayoijua. "Basi amemaliza," akasema. Leo nikisoma vitabu vya watoto wangu naambiwa ngozi hushika harufu, na akili huishika kwa muda mrefu zaidi. Huenda. Lakini Dani alikuwa amenieleza jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amenieleza wakati ule: kwamba kuoza kuna mwisho.

Mvua zilipokatika Mama alitupeleka Lang'ata, sisi wawili, Jumapili baada ya ibada. Hatukulipata kaburi lenyewe. Nyasi zilikuwa zimefunika safu nzima ya watoto, nyasi ndefu mbichi, na mtu mmoja alikuwa anazikata na kuzifunga mizigo ya kupelekea ng'ombe. Mama alitembea huku na huko, mwishowe akasimama, akasema ni hapa hapa mahali. Nilitazama zile nyasi nikajua zimekula nini, na ng'ombe atakula nini. Nikatazama upande mwingine. Simiyu alisimama imara. Akamshika Mama mkono akauliza kama Nekesa sasa ameisha.

"Sijui," Mama akasema. "Nafikiri bado."

Sasa ni mimi ninayeishi Kawangware, na nina wa kwangu wanaouliza. Baba yangu alipofariki, mwanangu mdogo alitaka kujua guka, yaani babu yake, anafanya nini huko chini. Nilimwambia. Alikunja uso akasema, "Chii!" na mimi nikamwambia ndiyo, ni chii. Wako watu wanaosema habari hii kwa sauti ya upole, kwamba hakuna kinachopotea, kwamba jani linaulisha udongo na udongo unalisha jani, na wanapendezwa nayo. Sibishani nao, najua ni kweli. Niliishika kwa mkono. Sioni uzuri wake, na sitamlazimisha mtoto auone. Afadhali achukizwe na jambo la kweli kuliko abebe jerikeni kulifuata neno tamu la uongo.

Mama yuko hai, amezeeka, bado yuko Laini Saba kwa hiari yake. Wageni wakimuuliza ana watoto wangapi, husema watatu: wawili wako hapa Nairobi, mmoja alikufa. Analisema hilo la mwisho kwa sauti ileile ya yale mengine, bila kuishusha, kisha anaendelea kumimina chai.